Nasieku na Watu Wasio na Kivuli

Njoki aliponipigia simu mwezi uliopita kuniambia kwamba baba amefariki, alilichagua neno hilo kwa makusudi. Watu wengi huku kwetu wangesema ametuacha. Dada yangu hawezi kulitamka neno hilo mbele yangu, nami sihitaji kumwuliza kwa nini. Nilimshukuru, nikakata simu, nikarudi kusahihisha insha za wanafunzi wangu. Machozi hayakuja. Nje mvua ya kwanza ilikuwa imeanza kulowesha vumbi, na harufu ile ikanikumbusha Kitengela ya zamani, vumbi lake la simiti, na msichana mmoja ambaye hakuwahi kuishi popote ila katika madaftari ya dada yangu. Jina lake lilikuwa Nasieku.

Tulihamia Kitengela kutoka Murang'a nikiwa bado nabebwa mgongoni. Baba alikuwa dereva wa lori la mawe ya kujengea, na mji ulikuwa ukijengwa kila upande, kwa hiyo kazi haikumpungukia. Mama alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yetu ya mabati. Nyuma ya ploti yetu hakukuwa na jirani ila nyika. Asubuhi nyingine tungetoka kupiga mswaki tukute pundamilia wamesimama ng'ambo ya ua wakitutazama kama watu waliokuja kudai kiwanja chao. Upepo ulivuma mchana kutwa, ukaleta vumbi jeupe kutoka upande wa viwanda, na mama alifunika vitambaa vyake kwa shuka kuukuu ili mashati yasichafuke kabla ya kuvaliwa.

Nilipokuwa na miaka saba, baba alikoma kurudi nyumbani. Nilisubiri wiki moja, kisha nikauliza. Mama alikuwa ameinama mezani akikata kitambaa cha sketi, makasi yakifuata mstari wa chaki. Hakuinua uso.

"Baba yenu ametuacha," alisema, akaendelea kukata.

Sasa, miezi michache kabla ya hapo, mchungaji alikuwa amesimama mbele ya jeneza la babu yangu, ambaye sisi tulimwita guka, akasema maneno hayo hayo: mzee wetu ametuacha. Baadaye guka alifukiwa na watu wakanywa chai. Kwa hiyo nilijua maana ya kuachwa. Kilichonitatiza tu ni kwamba kwa baba hakukuwa na jeneza wala hema wala chai. Nililitatua jambo hilo mwenyewe. Kando ya barabara ya Namanga niliwahi kuona lori lililoungua likabaki chuma tupu, na nikaamua kwamba baba alikufa namna hiyo, asibaki mtu wa kuzikwa. Sikuuliza tena. Nilimwombea roho yake kimoyomoyo, na kwa kuwa niliomba kimoyomoyo hakuna aliyenisikia na kunisahihisha.

Ukweli, ambao kila mtu mzima katika mtaa wetu aliujua, ni kwamba baba alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine Kajiado, mwendo wa saa moja hivi kwa barabara ile ile. Njoki pia aliujua. Alinizidi miaka saba, na mwaka uliofuata alianza kidato cha kwanza katika shule ya wasichana ya bweni nje kidogo ya mji huo huo wa Kajiado. Nafasi ilikuwa imetafutwa kabla baba hajaondoka, na mama hakuona sababu ya kuiacha. Dada yangu akawa anaishi karibu na baba kuliko sisi sote, akiona lori lake likipita barabarani siku wanapopelekwa kanisani kwa mstari. Hilo nililijua baadaye sana.

Bwenini wasichana walipitishiana riwaya za Kiingereza za wasichana wanaoona mizimu na wavulana wanaogeuka wanyama. Zilikuwa riwaya za mfululizo, na kila mara kitabu kimoja kilikosekana katikati. Njoki hakuweza kuvumilia. Alitaka kujua jinsi msichana wa kitabu cha kwanza alivyofika kuwa yule wa kitabu cha nne, na kitabu cha tatu kilikuwa kimepotelea nyumbani kwa mtu huko Ngong. Akaamua kuandika mfululizo wake mwenyewe, usiopotea. Aliuandika kwa Kiswahili, kwa sababu insha ndilo somo pekee aliloshinda darasa zima.

Kitabu cha kwanza alikuja nacho likizo ya Aprili. Kilikuwa daftari la kawaida lililofunikwa kwa karatasi ya kaki, kimekunjamana kwa kushikwa na wasichana wa bweni zima. Nilikisoma nimekaa nyuma ya tangi la maji, mahali pekee ambapo upepo haukugeuza kurasa kabla yangu. Nasieku ana miaka kumi na minne. Anateleza na kuanguka ndani ya timbo la mawe, anazimia, na akizinduka anaanza kuwaona watu wasio na kivuli. Wamesimama kando ya barabara, mmoja mmoja, kama wanaongojea gari. Ni wafu. Nasieku anawakimbia. Kitabu kizima anakimbia. Mzimu mmoja unapovunja mtungi wa mwalimu na rafiki wa Nasieku kusingiziwa, yeye ananyamaza, rafiki anachapwa. Sikumpenda. Nilimwambia Njoki kwamba msichana wake ni mwoga na mwongo.

"Ngoja," alinijibu. "Bado hajakua."

Katika kitabu cha pili, kilichokuja Agosti, Nasieku anachoka kukimbia. Kuna mzee asiye na kivuli ambaye kila siku amekaa stendi na kuku ndani ya kikapu. Siku moja Nasieku anaketi kando yake kwa kuwa miguu inamwuma, wala si kwa ushujaa. Hapo anagundua kwamba wafu hawajui kuwa wamekufa. Hakuna aliyewaambia. Anajifunza namna ya kuwaambia: unamwita mtu kwa majina yake yote, unamwambia kwamba amekufa, kisha unamwambia kwamba waliobaki hawana neno naye. Akisikia hivyo, mfu anaondoka bila kutazama nyuma. Nilizikariri hatua hizo tatu kama watoto wengine wanavyokariri wimbo.

Kitabu cha tatu, cha Desemba, kilinikasirisha kwa namna nyingine. Nasieku ameingiwa na kiburi. Shule nzima inamwogopa. Anamtuma mwalimu mfu akamwibie maswali ya mtihani, na mtoto mdogo asiye na kivuli anapomfuata akitaka kuambiwa ukweli, Nasieku anamwambia angoje, ana shughuli. Mtoto anangoja mpaka anafifia. Tangu siku hiyo macho ya Nasieku yanafungika, haoni mtu yeyote asiye na kivuli, na ndipo anaanza kumtafuta yule rafiki aliyechapwa ili amwombe msamaha. Leo, nikiwa mwalimu anayeletewa hadithi nyingi za mizimu na wanafunzi, naona jinsi dada yangu alivyoipanga vyema ngazi ile. Hakumrukisha msichana wake kutoka uoga hadi wema. Alimpitisha kwanza kwenye uwezo, akamwacha autumie vibaya.

Lakini wakati ule sikuwa nikisoma kwa ajili ya Nasieku. Nilikuwa nikimtafuta baba. Kila mfu aliyetajwa amesimama kando ya barabara ya Namanga nilimkagua: ana sweta la kijivu? Ana kovu kidevuni? Baada ya kitabu cha tatu nilimwuliza Njoki, ambaye alikuwa akiosha vyombo nje.

"Baba atatokea kitabu cha ngapi?"

"Baba gani?"

"Wetu."

Mikono yake ilisimama ndani ya maji. Kisha akasema kwamba huyo hayuko kwa hii hadithi, akageuza uso. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Alikuwa amemweka wa mwisho, kama mwandishi anavyoficha jambo lake kubwa. Nilijisikia mwerevu kwa kuligundua, na nikanyamaza ili nisimharibie.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata ilifika siku ya wazazi kutembelea shule. Mama alikuwa na sare za kumaliza, akanikabidhi kwa jirani yetu Mama Sanaipei, ambaye binti yake alisoma na Njoki. Mama Sanaipei ndiye aliyetuletea maziwa kila asubuhi. Nilikuwa nikimwinamishia kichwa, naye akinigusa utosini kwa kiganja, kama Wamaasai wanavyowasalimu watoto, na mpaka leo mkono juu ya kichwa changu hunituliza kuliko neno. Mama alinivalisha rinda la kanisani, akanipa kikapu cha chapati na nyama ya kukaanga kwa ajili ya Njoki. Hakusema lolote kuhusu Kajiado ni mji wa nani.

Tulishuka mjini ili Mama Sanaipei anunue mkate na sukari kabla ya kwenda shuleni.

"Kaa hapa na hii kikapu," aliniambia mbele ya duka. "Usisonge. Niko hapa ndani."

Ilikuwa saa sita kamili na mvua zilikuwa bado hazijaanza. Jua lilikuwa limesimama wima juu ya vichwa vyetu. Nikamwona baba akitoka katika duka la vyakula vya mifugo, amebeba gunia begani. Alikuwa na sweta lile la kijivu. Nilitazama chini, kama Nasieku alivyojifunza kutazama, na miguuni pake hapakuwa na kivuli. Sikutazama miguu ya watu wengine. Kama ningetazama, ningeona kwamba saa ile, mwezi ule, hakuna mtu Kajiado nzima aliyekuwa na kivuli cha kuonekana.

Nilitaka kukimbia kama Nasieku wa kitabu cha kwanza. Lakini nilikuwa nimeshasoma vitabu vitatu, na ingekuwa aibu kuanza upya. Nilikiweka kikapu chini, nikavuka, nikasimama mbele yake.

"Joseph Kamau wa Njuguna," nilisema.

Alisimama. Alinitazama kwa muda kabla ya kunitambua, nilikuwa nimerefuka. Kisha akalishusha gunia taratibu.

"Shiru? Umekuja na nani?"

Wafu huuliza maswali, kitabu kilikuwa kimeonya; usiwajibu mpaka umalize. "Wewe ulikufa," nilimwambia. "Hakuna mtu alikuambia, ndiyo maana bado uko hapa. Sisi hatuna neno na wewe. Unaweza kwenda."

Nimesimama mbele ya madarasa mengi tangu siku hiyo, na sijawahi kuuona tena uso wa mtu ukibadilika hivyo. Haukuonyesha hasira. Ulilegea tu, kama kitambaa kilichotolewa sindano. Aliniuliza ni nani aliyeniambia kwamba amekufa. Nikamjibu kwamba ni mama.

"Mama alisema nimekufa?"

"Alisema umetuacha."

Alitazama kando. Hatua chache kutoka pale kulikuwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni akimngoja, ambaye mimi nilimchukua kuwa mpita njia. Baba alinyoosha mkono akaniwekea begani. Mkono ulikuwa wa moto na ulinuka dawa ya kupe, na hilo lilinitatanisha kidogo, kwa sababu vitabu havikusema kwamba wafu wana joto. "Mwambie mama yako," alianza. Nikangoja. Nilikuwa mtoto mwenye kumbukumbu nzuri, ningeufikisha ujumbe wowote neno kwa neno. Lakini hakumaliza. Aliliinua gunia, akaondoka pamoja na yule mwanamke kuelekea upande wa soko la mifugo, na hakutazama nyuma.

Mama Sanaipei alinikuta nimesimama katikati ya barabara. Aliona mgongo wa baba ukienda. Alichukua kikapu kwa mkono mmoja na mkono wangu kwa mwingine, akanishika kwa nguvu kuliko kawaida mpaka langoni mwa shule.

Tuliketi kwenye nyasi na Njoki. Nilimngojea ale chapati moja kwanza, kwa sababu nilitaka akiisikia habari yangu awe ameshiba. Kisha nikamwambia kwamba nimemwona baba mjini, kwamba sikukimbia, na kwamba nimemruhusu aende. Nilimrudia maneno yote niliyoyasema. Nilitegemea sifa. Ni mimi peke yangu, kati ya wasomaji wake wote, niliyekuwa nimekitumia kitabu.

Njoki alikivuta kifua cha sweta lake la shule akajifunika nalo uso. Alikaa hivyo mpaka nikaogopa. Alipojifunua macho yalikuwa mekundu, lakini sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Shiru, baba hajakufa. Alihama tu."

"Alihama wapi?"

"Hapa."

Nilifikiri. "Sasa mbona mama alisema ametuacha?"

"Kwa sababu ametuacha," alisema Njoki.

Sikulia. Nakumbuka nikitazama chapati zilizobaki na kuona kwamba neno moja linaweza kuwa na watu wawili ndani yake, mmoja aliyekufa na mmoja anayenunua chakula cha mifugo, na kwamba yule aliyekufa nilikuwa nampenda zaidi. Halafu wazo la pili likaja, baya kuliko la kwanza. Kama alikuwa hai, basi mimi ndiye niliyemwambia aende. Na alikuwa amekwenda.

Wazo hilo nilikaa nalo wiki nzima. Sikula vizuri. Mama Sanaipei alikuwa amemweleza mama alichokiona siku ya pili, mlangoni, na chupa ya maziwa ikiwa bado mkononi mwake. Niliwasikia wakiongea kwa sauti ya chini. Mama hakunitajia neno mpaka siku aliponikuta nyuma ya tangi nikijaribu kuandika barua ya kumwomba baba arudi, nikimweleza kwamba nilikosea. Aliisoma yote. Kisha akaketi kwenye jiwe, jambo ambalo hakulifanya kamwe mchana wa kazi.

"Mtu akishaenda, mtoto hawezi kumfukuza," alisema. "Baba yako alienda miaka miwili iliyopita. Wewe ulimpata kama ameshaenda. Unasikia?"

Nilisema nasikia. Akaongeza kwamba yeye ndiye aliyetumia neno bovu, kwa sababu neno zuri lilikuwa gumu, na kwamba nikitaka kujua jambo lolote tena nimwulize mara mbili. Barua aliirudisha mkononi mwangu, akaniambia nifanye nayo nitakavyo. Sikuituma. Baba alikuja kutuona mara chache katika miaka iliyofuata, akiwa na mifuko ya sukari na maneno machache, na hakuwahi kuitaja siku ile, wala mimi.

Njoki aliporudi likizo ya Aprili hakuja na kitabu kilichokamilika. Alikuwa ameacha cha nne katikati. Aliniambia hataandika tena hadithi itakayomfanya mtoto asimame katikati ya barabara akizungumza na wafu. Mama alimsikia kutoka ndani. Alitoka akiwa na tepu ya kupimia shingoni, akataka apewe vitabu vyote, hata kile ambacho hakijaisha. Njoki akavileta. Mama alikuwa ameishia darasa la saba na sijawahi kumwona akisoma chochote ila Biblia na vipimo vya wateja, lakini alivisoma vyote vinne, siku tatu, kila alipomaliza kipande cha kazi. Sisi tulipita mlangoni tukijifanya tunatafuta vitu. Mara moja tulimsikia akicheka, kwa yule mzee wa kuku.

Siku ya tatu alituita. Alikuwa amesimama akipiga pasi mashati, madaftari yamepangwa pembeni.

"Huyu msichana anakua vizuri," alisema. "Alikuwa mwoga, akajifunza, akajivuna, akaanguka, sasa anajirudi. Ni kweli watu hukua hivyo." Aligeuza shati. "Lakini mama yake yuko wapi?"

Njoki alisema kwamba mama wa Nasieku yuko, yumo katika kitabu cha kwanza, anapika.

"Anapika, ndiyo. Na kitabu cha pili anafua. Vitabu vinne, ameongea mara moja tu, kumwita mtoto akule. Huyo msichana anaongea na kila maiti ya barabara ya Namanga, na hajawahi kuuliza mama yake kitu."

Mkaa ulilia ndani ya pasi. Njoki alikichukua kitabu cha nne pale mezani, akakifungua kwenye ukurasa mtupu, akaketi sakafuni na kalamu. Aliuliza kwa sauti ndogo, ya mtu anayebisha mlango asioujua, siku ile baba alipokosa kurudi, mama alifanya nini.

Mama alimaliza kola kwanza. Alisema alikuwa amepika. Ugali na sukuma na nyama kidogo, kwa sababu ilikuwa Ijumaa. Alikifunika chakula akangoja. Kwamba baba ameenda alikuwa ameshaambiwa na watu saa kumi, lakini mikono ilipika tu.

"Kikapoa," alisema. "Sikutaka mtu akione asubuhi. Nikakila mimi, chote, sehemu yake na yangu. Nilikila nikiwa nimesimama."

Njoki aliandika bila kuinua kichwa. Mimi sikuwa na hatua tatu za kufuata wala maneno niliyoyakariri. Nilikwenda nikachukua stuli ya cherehani, nikaileta nyuma ya mama, nikamgusa kiuno ili ajue ipo. Akaiweka pasi kando, akaketi.